Kutembezwa Lamu: Ngome, Shela na yale ambayo wengi hawaonyeshwi

Kama unaenda Lamu usitosheke na kupiga picha na punda halafu ukarudi zako. Mimi ni wa Malindi, Lamu naijua kwa Maulidi, lakini safari hii nilimpata mzee wa kunitembeza nikamwambia wazi, ami leo sitaki milango ya nakshi, nataka unipeleke pale watu walipoumia. Akasema haya twende.

Tukaanza Ngome. Kiingilio kwa Mkenya si cha kulalamikia. Ilimalizika kujengwa 1821, baadaye Waingereza wakaigeuza jela na ikabaki jela mpaka 1984, yaani tushapata uhuru zaidi ya miaka 20 na bado watu wanafungiwa mle!! Sasa nje pale uwanja wa Mkunguni wazee wako kwenye bao, soko liko ubavuni kabisa, na wewe uko ndani unasikia kila kitu, punda, adhana, mpaka mtu anayebishania bei ya nyanya, basi mfungwa alikuwa anausikia mji wake wote na hawezi kuufikia. Hilo limenikaa rohoni. Siku hizi uwani hufanywa hata harusi, sioni ubaya, ila bwana harusi aambiwe amesimama wapi.

Shela ndiyo iliyonichoma zaidi. Ule ufukwe wa mahoteli ndipo jeshi la kisiwa cha Pate na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, lilipokuja kupigana na Walamu miaka ya 1810, likashindwa, watu wakakimbilia vyombo vyao kumbe maji yashakupwa, vyombo vimekaa mchangani, wakauawa pale pale. Mzee alisimulia kwa fahari maana ni ushindi wa kwao, namuelewa, lakini wale nao ni ndugu zetu jamani, nikamuomba tuwasomee Fatiha, tukasoma.

Nilipompunguzia maksi ni kwa watumwa. Kila nikiuliza anageuza maneno. Utumwa pwani yetu ulikuwa halali mpaka 1907, na utajiri wa yale majumba tunayoyasifu ulitoka pia kwenye mashamba ya bara waliyolimishwa wao, sasa tunaficha nini?

Halafu ukishuka na ndege Manda, jua miaka ya 50 kisiwa hicho kilikuwa na kambi ya kizuizini ya Mau Mau. Kabla hujapatana bei na mtembezaji muulize kama atayasema yote haya, asiyetaka muache, wako wengine.