Pasi kali au pasi ya kuinua: ipi hainaswi kwenye Madden NFL, mchezo wa video wa futiboli ya Kimarekani?

Ukishikilia kitufe cha mpokeaji (mwenzako atakayeudaka mpira), kwotabeki, yaani mrushaji wa timu yako, hutoa pasi kali iliyonyooka. Ukikigusa tu, mpira huinuka. Kwa mikimbio mifupi ya kukata katikati, pasi kali ni bora mno: hufika kabla beki hajageuka. Hatari yake ni lainbeka (mlinzi wa safu ya kati) aliyesimama njiani, kwa kuwa mpira haupiti juu yake. Kwenye PlayStation, ongeza L2 ili mpira ushuke chini.

Pasi ya kuinua humruka lainbeka, ila hukaa hewani muda mrefu na beki wa nyuma huwahi kuudaka. Itumie tu mpokeaji akishamwacha mkabaji wake na nyuma pakiwa wazi.

Pasi zote mbili zikizibwa, bonyeza R3 uutupe mpira nje mapema. Ukigongwa mkono ukirusha, mpira huruka ovyo.