Chati ya ukutani ya samaki wenye taa: mwanga upo, swichi haionekani

Muhula huu nilinunua kwa shilingi 15,000, katika duka moja la vifaa vya shule mjini Kampala, chati ya ukutani inayoeleza jinsi samaki wa kina kirefu cha bahari wanavyotoa mwanga wao wenyewe, nikaitundika katika darasa langu la biolojia hapa Entebbe. Karatasi ni nzito na imepakwa plastiki, kwa hiyo vumbi la chaki hufutika kwa kitambaa chenye maji.

Chanzo cha mwanga kimeelezwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Mchoro unaonyesha kemikali iitwayo lusiferini ikiungana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya cha lusiferasi, na kutoa mwanga usio na joto la kuhisika, tofauti kabisa na karabai ya mvuvi wa mukene (dagaa). Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini samaki wa Ziwa Victoria hawawaki; nilimjibu kwamba hajulikani samaki yeyote wa maji baridi anayewaka, na kwamba ziwa letu lina kina cha takriban mita 80 tu.

Tatizo ni kwamba samaki wote wamechorwa kana kwamba wanawaka usiku kucha kama taa za barabarani, na udhibiti wa mwanga, ambao kwangu ndio kiini cha somo, umepewa mstari mmoja. Samaki wa jamii ya Miktofide hutengeneza mwanga katika viungo vyao vya tumboni na kuurekebisha hadi ulingane na ule hafifu unaoshuka kutoka juu, ili adui aliye chini asione kivuli chao. Fotoblefaroni, samaki mwenye taa chini ya jicho, ambaye kwa kweli haishi kina kirefu hivyo, hutegemea bakteria wanaowaka bila kukoma. Kwa kuwa hawezi kuwazima, huwafunika kwa kigubiko cha ngozi kinachopanda kutoka chini ya jicho. Chati imeandika “bakteria” kwa wote wawili.

Samaki-mvuvi dume naye amepewa fimbo yenye taa, ilhali fimbo hiyo ni ya jike. Mwalimu aliye tayari kusahihisha kwa mdomo hatajuta kuinunua. Mwanafunzi anayejisomea peke yake, simshauri. Malakosteo, mmoja wa samaki wachache wanaotoa mwanga mwekundu, alichapishwa na taa ya buluu, nami nimempaka rangi yake kwa kalamu ya wino mzito.