Nilienda ReStore kutafuta kabati, nikaishia kushika nyundo

Jamani tunaoishi Marekani, kama bado mnanunua makabati ya jikoni mapya kwa zile bei za kukosesha usingizi, subirini kwanza. ReStore ni maduka ya shirika la Habitat for Humanity, wanauza vitu ambavyo watu wametoa bure, milango, masinki, makochi, taa, vingine vimetumika na vingine vipya kabisa vimebaki kwa mkandarasi, na hela inayopatikana inaenda kujengea watu nyumba. Mimi nimepata kabati la mbao ngumu, bawaba zake ziko kwenye kimfuko kimebandikwa ndani kwa selotepu, na mzee mmoja anayejitolea pale akanifungulia mlango mmoja mmoja nione unavyojifunga ndo nikalipa. Huduma ya namna hiyo sijaizoea kabisa.

Basi nikamuuliza hizo nyumba ziko wapi, akaniambia njoo Jumamosi ujionee. Nikaenda. Nikamkuta mama mmoja wa Bukavu kavaa kofia ngumu, kitenge kiunoni juu ya suruali, anapigilia mbao, na aliposikia Kiswahili changu akanivuta mkono mpaka ukutani, "huu ukuta nimepigilia miye dada, misumari yote hii". Ilikuwa ni nyumba yake mwenyewe. Watu wengi wanadhani pale nyumba zinagawiwa bure, hapana, familia inatoa masaa ya jasho, inajenga yake na kusaidia za wenzake, halafu inalipa mkopo kwa kiasi inachokimudu.

Hili wazo lina mizizi ya kanisa hasa. Lilianzia Koinonia, shamba la jumuiya ya Kikristo huko Georgia lililoanzishwa 1942, Clarence Jordan akiwa mmoja wa waanzilishi, Weusi na Wazungu wakila meza moja wakati ubaguzi umepamba moto. Millard Fuller na mkewe Linda walilichukua wakaenda kulifanyia kazi Mbandaka, Zaire ya enzi hizo, kuanzia 1973, na waliporudi 1976 ndo wakaanzisha Habitat. Yaani Congo ilijengewa kabla hata jina la Habitat halijakuwepo, na sasa mama wa Congo anajenga yake huku, niliposikia hivyo machozi yalinilenga. Fuller alitaka marejesho yarudi kwenye mfuko mmoja yajenge nyumba ya anayefuata, bila faida wala riba, akifuata kitabu cha Kutoka kwenye Biblia, sura ya 22, inayokataza kumtoza maskini riba.

Ukisoma misingi yao ni mitano: kuonyesha upendo wa Yesu Kristo, kukazania makazi, kutetea nyumba ambazo watu wanazimudu, kulinda utu na tumaini, na maendeleo yanayodumu. Mimi ule wa pili naupa alama zote. Kukazania makazi maana yake kuna mambo mazuri mengi utayakataa. Nasema hivi kwa uchungu, kikundi chetu cha kanisa nyumbani kilianza na kukopeshana mabati, watu wanarejesha vizuri tu, alipokuja mfadhili tukaongeza kisima, cherehani, semina, tukakodi ofisi, marejesho hakuna tena anayeyafuatilia maana hela inatoka juu, na mfadhili alivyoondoka hata yale mabati yakafa. Tungekuwa na mtu wa kutuambia jamani sisi ni mabati! Na ule wa kwanza pia nimeuona kwa macho, hakuna anayeulizwa dini yake ndo apate nyumba, upendo wenyewe uko kwenye kazi.

Ninachowaomba wanavyozidi kupanuka ni kimoja, yale marejesho ya kumjengea anayefuata yawe ndo moyo wa shirika, maana siku hizi masharti ya mikopo yanatofautiana tawi kwa tawi, na wanaoomba ni wengi kuliko nyumba, kwa hiyo ukiomba jiandae kusubiri. Yule mama hakukata tamaa kusubiri.

Nawapa nyota tano. Mkienda dukani bebeni tepu ya kupimia na vipimo vya jiko mmeandika, ulizeni mapema kama vitu vinarudishwa, na ukikiona unachokipenda chukua siku hiyohiyo, mimi sinki la kufanana na kabati langu nililiacha asubuhi nikarudi jioni limeshaondoka.