TAHADHARI: Mitungi chakavu ya skuba inayouzwa kwa wachezaji wa peintiboli

Ndugu zangu, hasa ninyi mlioko Houston na miji ya jirani ambao hucheza peintiboli, ule mchezo wa kupigana risasi za rangi kwa bunduki za hewa, mwishoni mwa wiki, naandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji anayetangaza kwa Kiswahili, katika makundi yetu ya WhatsApp, bidhaa anayoiita “seti kamili ya kujazia hewa nyumbani”. Seti hiyo ina mtungi mmoja wa skuba, yaani wa hewa ya kupumulia chini ya maji, adapta yenye geji na mpira wa kujazia, na chupa mbili ndogo za kufungwa kwenye bunduki. Niliinunua mwezi wa tatu kwa dola 260. Jina lake silitaji, na hata ningelitaja lisingewafaa kitu, maana tangu wakati huo amekwisha kutangaza kwa majina mengine mawili; nitaeleza bidhaa yenyewe, ili mkiiona muitambue.

Niseme mapema kwamba kujaza chupa ya peintiboli kutoka kwenye mtungi wa skuba ni jambo la kawaida kabisa. Wachezaji wengi hapa Marekani hufanya hivyo kwa sababu viwanja viko mbali na kompresa ya shinikizo kubwa ni ghali, na mtungi ulio mzima, uliopimwa na kujazwa kwenye duka la wazamiaji, yaani wapiga mbizi, hutoa hewa safi na kavu. Kwa hiyo sina ugomvi na njia hiyo. Ugomvi wangu ni na mtu anayechukua vyuma vilivyokwisha kukataliwa, akavipaka rangi, kisha akawauzia watu wa kwao kwa kuwa anajua hawatamkagua.

Na kweli sikumkagua. Aliposikia lafudhi yangu ya Tanga alianza kuniita kaka, akaniuliza habari za nyumbani, akanikaribisha chai, na tukazungumza karibu nusu saa kabla ya yeyote kati yetu kuugusa mtungi. Baada ya hapo niliona haya kuinama na tochi mbele ya mwenyeji wangu kana kwamba namshuku wizi. Niliutazama kwa juu juu: rangi ya manjano inayong’aa, na stika ya ukaguzi ya mwaka huu. Nikalipa.

Jambo la kwanza lililonitia shaka halikuwa chuma bali hesabu. Tangazo lilidai kwamba mtungi mmoja unajaza chupa 40 “hadi PSI 3000 kila moja”; PSI ni kipimo cha shinikizo, sawa na baa. Mtungi wa kawaida wa alumini, ule ambao wazamiaji huuita themanini, una ujazo wa lita 11 na kidogo, na hujazwa hadi PSI 3000, yaani baa 207. Chupa ya peintiboli ya inchi za ujazo 48 ni kama lita 0.8. Ukiviunganisha hivyo viwili, hewa hugawana nafasi hadi shinikizo lilingane pande zote mbili, kwa hiyo kila chupa tupu unayoijaza hushusha mtungi kwa takriban asilimia 6 hadi 7. Chupa ya kwanza itafika karibu PSI 2800, ya pili 2600, ya tatu 2450 hivi, na ya tano haitavuka sana 2100. Mtungi bado utakuwa na hewa nyingi, na chupa ambazo hazijaisha kabisa zitaupunguza kidogo zaidi, lakini hakuna namna ya kupata chupa 40 za PSI 3000 kutoka humo. Wala chupa ya nyuzi za kaboni iliyoandikwa PSI 4500 haitajaa kamwe kwa mtungi wa 3000. Nilipomwandikia kuhusu hilo, alinijibu kwa ujumbe wa sauti kwamba mtungi ukishuka nisirudi kwenye duka la wazamiaji, bali niende kwenye duka la gesi za kuchomelea wanijazie oksijeni, kwa sababu, kwa maneno yake, “oksijeni ni hewa tu, tena iliyo safi zaidi”.

Hapo ndipo nilipoacha kujibizana naye. Oksijeni tupu yenye shinikizo kubwa ikikutana na tone la mafuta au grisi ndani ya regyuleta, kifaa kinachopunguza shinikizo la hewa inayotoka, inaweza kuwaka papo hapo, na hata alumini yenyewe huungua katika moto wa namna hiyo. Anayetoa ushauri huo ama hajui anachokiuza, ama anajua na hajali, na kwa mnunuzi yote mawili ni mamoja. Kwa sababu hiyo hiyo mtungi wenye ukanda wa kijani na manjano ulioandikwa NITROX nao usitumiwe, kwani hewa yake imeongezwa oksijeni.

Niliupeleka mtungi kwenye duka la wazamiaji. Fundi, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, hakuitazama kabisa ile stika. Alipitisha kidole gumba kwenye bega la mtungi, pale chini ya shingo, akakwaruza rangi kwa ukucha, na tarakimu zikaanza kujitokeza moja moja: 3AL3000, yaani mtungi wa alumini wa PSI 3000, kisha namba ya mtungi, kisha tarehe ya kutengenezwa, mwezi wa tatu 1984. Mahali pa tarehe ya kipimo cha mwisho palikuwa pamesuguliwa kwa tupa hadi chuma kikabonyea. Akatoa hewa iliyobaki, akafungua vali, akaingiza taa na kioo kidogo ndani ya shingo, kisha akaniita nitazame. Kwenye uzi wa ndani, ile mizunguko ambamo vali hufungwa, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, unaokata mizunguko mitatu ya uzi huo kutoka juu kwenda chini. Ulikuwa ufa.

Mwaka ule wa 1984 una maana yake. Mitungi mingi ya alumini ya zama hizo ilitengenezwa kwa aloi, yaani mchanganyiko wa metali, iitwayo 6351, ambayo baadhi yake hupasuka taratibu shingoni kwa kubeba shinikizo miaka mingi. Kampuni ya Luxfer hapa Marekani iliacha kuitumia mwaka 1988 na kuhamia aloi ya 6061. Sheria haijaipiga marufuku, ila inataka kila inapopimwa upya shingo ipimwe pia kwa kifaa cha umeme kinachogundua nyufa zisizoonekana kwa macho, na maduka mengi hukataa kuijaza hata ikiwa imepimwa. Mtungi wowote wa skuba, uwe wa zamani au mpya, sharti upimwe kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka 5, na tarehe ya kipimo hugongwa kwenye chuma: mwezi kushoto, mwaka kulia, na katikati yake alama nne za kituo kilichopima, herufi moja na tarakimu tatu, zilizopangwa kama mraba. Stika ni ya ukaguzi wa macho wa kila mwaka, na stika mtu yeyote anaweza kuibandika. Yangu haikuwa hata na jina la duka.

Chupa ndogo zilikuwa mbaya zaidi, na hapa naomba msome polepole. Zilikuwa na lebo mpya za PSI 3000, na juu zilifungwa regyuleta za hewa. Fundi alibandua lebo moja, na chini yake paligongwa 3AL1800. Hiyo ni chupa ya gesi ya kaboni dioksaidi. Gesi hiyo, katika joto la kawaida la chumbani, hukaa kwenye PSI 850 hivi, na ndiyo maana chupa yake hutengenezwa kwa 1800 tu. Uzi wa shingo yake na ule wa chupa ya hewa ni wa aina moja, kwa hiyo regyuleta ya hewa huingia na kukaza vizuri kabisa, na mkono wako hautakuonya chochote. Lakini chupa za 3AL hupimwa kiwandani kwa shinikizo la tano juu ya tatu ya kile kilichogongwa. Kwa chupa ya 1800 hiyo ni PSI 3000 kamili. Yaani kile ambacho muuzaji huyu anakiita kujaza ndicho kipimo ambacho chupa hufanyiwa ikiwa imejaa maji na kufungiwa ndani ya kizimba cha kinga. Yeye anataka tuubebe huo mzigo shavuni, Jumamosi nzima, kwenye jua la Texas. Na vijana wetu wanaocheza ni wa miaka kumi na minne, kumi na mitano.

Kwa yule aliye na mtungi mzima na chupa halali, kazi yenyewe ni ya utulivu. Hakikisha shinikizo la mtungi halizidi lile lililogongwa kwenye chupa. Simamisha mtungi na uufunge usianguke, futa vumbi kwenye chuchu ya kujazia, unganisha, kisha fungua vali kidogo kidogo, ukiisikiliza hewa, hadi sindano ya geji ipande kwa dakika moja au zaidi. Ukiharakisha, chupa itapata joto, geji itakuonyesha imejaa, na ikipoa shinikizo litashuka. Ukimaliza funga vali ya mtungi kwanza, kisha toa hewa iliyobaki kwenye mpira kwa skrubu yake ya pembeni kabla ya kuchomoa. Adapta niliyouziwa haikuwa na skrubu hiyo, na mpira uliobaki na PSI 2000 ndani yake hupiga kama mjeledi. Usipake mafuta wala grisi ya petroli mahali popote. Tazama pia kisahani cha usalama kwenye regyuleta, kile kinachopasuka shinikizo likizidi. Kwenye chupa yangu ya pili tundu lake lilikuwa limezibwa kwa skrubu ya kawaida.

Ikiwa mmekwisha kununua kwake, msijaribu “kuona tu kama inafanya kazi”. Mtungi mkubwa wenye hewa utoleeni hewa nje ya nyumba, ukiwa umefungwa imara, kwa kufungua vali polepole sana, kisha upelekeni kwa wazamiaji wautazame. Chupa ndogo iliyokwisha kujazwa msiifungue shingo wala kuiacha ndani ya gari lenye joto. Iwekeni mbali na watu na mpigie simu duka la wazamiaji au zimamoto mwulize la kufanya. Usemi wake kwamba “nitakurudishia pesa ukiniletea seti” msiukubali, kwa sababu seti niliyomrudishia mimi, rafiki yangu mmoja aliiona ikitangazwa tena baada ya siku tisa. Mwombeni fundi atoboe mtungi uliokataliwa au akate uzi wake, na mpige picha. Mimi picha za seti yangu nimezikabidhi kwa wasimamizi wa makundi mawili pamoja na ule ujumbe wa sauti.

Tangazo lake hubadilika jina na namba, ila picha ni ile ile: mtungi wa manjano umelazwa juu ya turubai la buluu, bega lake limegeuzwa upande wa ukutani. Mkimwomba awapigie picha ya bega hilo kwa karibu, atawaambia kamera ya simu yake imeharibika.