TAHADHARI: matandiko ya farasi "yaliyofanyiwa upya" huku ngozi imeshakufa

Wakuu mnaonunua matandiko, hatamu na mikanda ya vikuku (vya kukanyagia miguu ya mpandaji) kwa picha za WhatsApp, kuweni macho. Kuna wauzaji wanachukua tandiko kuukuu lililokakamaa, wanalilowesha oili chafu ya gari, wanalipaka rangi nyeusi ya viatu na kuliuza kama limefanyiwa upya. Karibu kila mara ni jeusi, maana weusi huficha mipasuko na oili yenyewe.

Ngozi iliyodabaghiwa kwa magome, kama ya muwati, ikizeeka vibaya hugeuka unga mwekundu kwa ndani. Hapo hakuna mafuta ya kuirudisha. Yataifanya ilainike, lakini nguvu haipo tena. Na mafuta yakizidi, hata ngozi ambayo bado ni imara huvutika: matundu ya mkanda yanarefuka, kipimo kinapotea.

Msihangaike na kiti kinachong'aa. Inueni bawa la tandiko mtazame ile mikanda inayofungiwa mshipi wa tumbo, mara nyingi mitatu kila upande. Hiyo ndiyo inayomshikilia mpandaji. Kunja mkanda penye matundu, upande wa manyoya (ule laini, yalikoota manyoya ya mnyama) ukitazama nje. Mipasuko ikifunguka kutoka tundu hadi ukingoni, usinunue. Kwaruza upande wa nyama, yaani ule wa pili, kwa ukucha: ukitoa unga mwekundu, usinunue hata kwa bei ya bure. Nusa pia. Mafuta ya kwato za ng'ombe yana harufu nzito ya mafuta ya mnyama. Harufu ya gereji ni oili chafu.

Halafu sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Nyeusi huachia kidogo hata kwa fundi mzuri, ila kitambaa kisitoke kama kimefutia sufuria ya kuni. Rangi hiyo itahamia kwenye suruali ya mpandaji na, farasi akitoka jasho, kwenye manyoya yake.

Kazi halali haifanyiki jioni moja. Fundi husafisha kwa sabuni ya matandiko, huacha ngozi ikauke kivulini, hupaka rangi ya spiriti tabaka mbili au tatu nyembamba, kisha husugua kwa kitambaa kikavu mpaka kisichukue rangi. Husubiri saa 24. Ndipo hupaka mafuta ya kwato kidogo, hulaza usiku mzima, na kumalizia kwa nta ya nyuki. Anayekuambia "leta asubuhi, chukua jioni" amepaka rangi juu juu tu.

Hata hatamu mpya zina ujanja wake: ngozi ya kromu, yaani iliyodabaghiwa kwa chumvi za kromu badala ya magome, na inayovutika, inauzwa kama ya magome, na kingo zimepakwa rangi kuficha. Chungulia ndani ya tundu. Katikati pakiwa na rangi ya bluu-kijivu, hiyo ni kromu.

Kabla ya kutuma hela, hata ya kishika bei, omba video ya mkanda ukikunjwa penye matundu, upande wa manyoya nje. Akikataa kukunja, usitume.