Kilomita 21 zangu za kwanza, na kijana aliyekalia maji

Nimekimbia nusu marathoni, kilomita 21, hapa Dar. Nianze na kijana wa meza ya maji, medali itasubiri. Alikuwa amekaa juu ya katoni tatu za maji zilizopangwa, mguu mmoja juu ya mwingine, anachezea simu. Nailoni ya katoni haijachanwa. Mbele yake meza tupu: vifuniko vya chupa na ganda la ndizi, basi. Mimi natokea juani, Daraja la Tanzanite lote nimelimaliza, ulimi umekuwa kipande cha gunia. Nikamwambia, "Mdogo wangu, naomba maji."

Hakuinua uso. "Maji yameisha, bi mkubwa."

Nikatazama alichokalia. "Na hayo?"

"Haya ya wageni."

"Wageni gani wanakimbia?"

"Hawakimbii. Wanapita na gari kukagua." Ndipo akanitazama, kuanzia viatu hadi kilemba, akatamka maneno ambayo mpaka leo yakinijia dukani nakosea kurudisha chenji: "Ungekimbia haraka, ungekunywa. Wenzio mbona wamekunywa?"

Nina miaka 41. Bi mkubwa!

Niseme mapema kwamba sikuokotwa njiani. Mimi ni mtu wa jogging, Temeke, mwaka wa sita sasa. Jumapili alfajiri tunatoka na fulana zetu za rangi moja, mbele filimbi, mmoja anaimbisha wengine tunaitikia, tukirudi ni supu na chapati. Kwetu anayechoka haachwi. Kundi linapunguza mwendo, wimbo unabadilishwa ule wa taratibu, tunafika naye. Kwa hiyo Kocha wetu (si kocha wa chochote, ni fundi majokofu, ila filimbi ni yake) aliposema safari hii lazima mmoja wetu aende akamalize 21 huko kwa watu wa Masaki, nikanyoosha mkono. Nikajiandaa miezi kadhaa. Kucha moja ya mguu ikageuka nyeusi, mapaja yakachubuka mpaka nikafundishwa vaselini. Nilikuwa tayari.

Siku yenyewe bodaboda alinichukua saa kumi na nusu alfajiri. Dar saa hiyo ni mji mwingine, barabara nyeupe, kaubaridi kanakupitia kwenye mikono ya fulana. Oysterbay tukafika watu wamejaa, muziki umefunguliwa, mtu yuko jukwaani anatuchezesha zumba. Tuliambiwa mbio zinaanza saa kumi na mbili kamili. Kumi na mbili ikafika, tukaambiwa mgeni rasmi yuko njiani. Na robo, yuko njiani. Tukachezeshwa zumba tena, na mimi naona nguvu za kilomita nzima zinaishia kwenye kukatika kiuno. Kumi na mbili na dakika arobaini ndiyo tukaachiwa.

Mtu wa Arusha atasema dakika arobaini ni nini. Njoo ukimbie hapa. Kwetu jua likishapanda, jasho halikauki, linakaa mwilini kama shuka bichi. Upepo wa bahari wenyewe unyevu. Unatoka maji kama bomba lililopasuka na mwili hausikii nafuu. Alfajiri unaibiwa dakika arobaini, mchana unazilipa na riba.

Hata hivyo sitasema uongo. Nusu ya kwanza ilikuwa tamu. Mizunguko ya Masaki kivulini, maji yapo kila tulipoambiwa yapo, vijana wanakupa chupa imeshafunguliwa kifuniko. Halafu daraja. Tangu lifunguliwe 2022 nimelipita kwa bajaji sijui mara ngapi, sikuwahi kujua kwamba ukilipita kwa miguu unaisikia bahari chini inapiga nguzo. Kushoto bahari, mbele majengo ya mjini yameshika jua la asubuhi. Nililia kidogo, nani ananijua pale. Tukapita Aga Khan, Ocean Road, tukashuka mpaka Kivukoni, harufu ya samaki wa Feri ikatupokea. Kondakta mmoja wa daladala akanipigia kelele, "Twende mama, imebaki siti moja!" Nikakimbia kilomita nzima nacheka. Askari wa barabarani naye alisimamisha gari kubwa kabisa kwa ajili yangu peke yangu, akapiga saluti. Hao wote nawapa mia kwa mia.

Kurudi ndiko kulikonionyesha. Daraja lile lina urefu wa kilomita moja na kidogo, na mti haujaota hata mmoja, utaotaje. Saa tatu kasoro jua limeshakuwa jua. Nikajiambia, vumilia, ukishuka upande wa ufukwe wa Coco kuna meza ya maji, kilomita ya 16, imeandikwa kwenye ramani. Nikaanza kuihesabia hatua. Ndiyo nikamkuta bwana mdogo kwenye kiti chake cha enzi.

Hesabu yake mmeielewa? Mwenye mbio kali anakaa barabarani saa moja na dakika. Mimi nilikaa saa mbili na dakika hamsini na moja. Nani kati yetu kapigwa na jua zaidi? Nani anahitaji maji mengi? Lakini maji yanapangwa kwa kumtazama wa mbele, wa nyuma anaachiwa vifuniko. Ada tumelipa sawasawa. Sikuona mahali pameandikwa wenye mwendo wa konokono wanalipia nusu.

Na wenye kasi sina ugomvi nao. Alphonce Simbu alipochukua ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo 2025, sisi Temeke tuliimba jina lake Jumapili nzima mpaka sauti zikakauka. Lakini nchi hii hii ndiyo ya John Stephen Akhwari. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968 aliingia uwanjani goti limefungwa bandeji, wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, na ndiye tunayemsimulia watoto shuleni. Angepita kwenye meza ya kilomita 16 angeambiwa nini? Wenzio mbona wamekunywa?

Sikumjibu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kiu. Mimi, mtu wa Temeke, ninayejulikana kwa mdomo mtaa mzima, nilikosa neno. Nikaondoka natembea, sikimbii, nimeweka mikono kiunoni kama mtu aliyefukuzwa nyumba.

Mbele kidogo, Coco, kulikuwa na baba mmoja na baiskeli ya madafu. Nikasimama tu nayatazama. Akaniuliza, "Wapi panauma, sista?" Nikamwambia nina kiu na sina hata mia, pesa nimeacha kwenye begi. Hakusema neno. Akachagua dafu, akaligonga kwa kidole, akaliacha, akachukua jingine, panga mara tatu, akanipa. Nilikunywa bila kupumua, mengine yakashuka shingoni. Akalipasua, akachonga kipande cha ganda kiwe kijiko, nikakomba nazi yote nimesimama palepale na namba kifuani. "Utalipa ukirudi," akasema, utadhani nimekopa sukari kwa jirani.

Zile kilomita tano zilizobaki nilizikimbia kwa dafu na hasira, na sijui kipi kilichangia zaidi. Nilimaliza. Na mita 97 na nusu zile zinazobaki baada ya 21, ambazo hakuna anayekutahadharisha, nazo nilizimaliza. Medali nikavishwa na dada mmoja mpole sana. Nilipomweleza habari ya maji akanishika bega, akasema pole dada, andika kwenye fomu. Fomu! Uso wangu una chumvi nyeupe ya kuungia mchuzi, nimeambiwa niandike fomu.

Nilichukua pesa kwenye begi nikarudi Coco kwa kuchechemea. Pale kwenye baiskeli nikakuta watu wanne wamevaa medali kama yangu, wamepanga foleni wanalipa madeni. Mmoja alikuwa kijana mwembamba mwenye miguu ya kukimbia kweli kweli. Kumbe hata wa mbele hawakunywa wote. Nikaanza kumwonea huruma yule wa katoni, pengine naye katumwa, pengine angetoa chupa moja angekatwa posho. Huruma hiyo ilidumu kama dakika mbili. Sentensi ile hakutumwa na mtu, aliitunga mwenyewe.

Sasa waandaaji wa mbio wametuma ujumbe wanataka niwape nyota. Nikaweka moja. Nikaitazama medali, nimeitundika pale ninapotundika futi za kupimia, kila mteja anauliza, nikabadilisha zikawa tatu. Tatu jamani, daraja lile asubuhi! Na saluti ya askari. Usiku nikamkumbuka mgeni rasmi na zumba yake, nikarudisha mbili. Kama ni mwenye mbio nenda, utakunywa, utafurahi. Kama ni wa mwendo wangu, nenda pia, ila weka elfu mbili kwenye soksi na umtafute mwenye madafu. Au usiende. Sijui. Mimi nikiulizwa asubuhi nasema sirudi, nikiulizwa jioni nauliza ni lini.

Jumapili iliyofuata niliwasimulia wenzangu. Ilikuwa kosa. Hatujafika hata barabara ya lami, Kocha kapuliza filimbi, kaanzisha wimbo mpya:

"Maji yako wapi?"

"Ya wageni!"

"Na mimi je?"

"Ungekimbia haraka!"

Watu sitini, wanapiga makofi, watoto wanatoka majumbani kuitikia. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tulipofika Chang'ombe nikajikuta nimenuna tena, nikamwomba Kocha abadilishe wimbo. Akakataa.