Kurudisha dawa kwenye famasia za Uingereza: huduma nzuri isiyojitangaza

Miongoni mwa huduma zinazotolewa na famasia za mitaani hapa Uingereza, ile ya kupokea dawa ambazo mwenyewe hazihitaji tena ndiyo ninayoipa alama za juu kabisa kwa manufaa na alama za chini kabisa kwa matangazo. Haina malipo, haihitaji miadi, wala haimwulizi mtu kama dawa zilinunuliwa hapo au zilitoka kwingine. Kwa upande wa England, ambako ndiko ninakokuzungumzia, kupokea dawa za majumbani si hisani ya mwenye duka bali ni sehemu ya mkataba wa famasia na NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, tangu mwaka 2005. Hata hivyo, katika jamii yetu nimekutana na watu walioishi hapa miaka nenda miaka rudi bila kuisikia, na dawa zao zinaishia kwenye droo ya jikoni, kwenye sinki, au kwenye sanduku la safari ya nyumbani.

Mimi niliihitaji baada ya mjomba wangu kufariki kwa saratani. Mtu aliyefikisha miaka 60 hapa England halipii dawa alizoandikiwa na daktari, na dawa za kila mwezi huendelea kutolewa hata kama za mwezi uliopita hazijaguswa, kwa hiyo kabati lake lilikuwa limejaa: amlodipini ya presha, metformini ya sukari, chupa za dawa ya kulainisha choo, vidonge vya mofini vya kutuliza maumivu makali, plasta za fentanili za kubandika mwilini kwa kazi hiyohiyo, inhela za kuvuta dawa kwa mdomo, na sindano za insulini. Familia iliyofiwa haipaswi kukimbilia kuviondoa vitu hivi siku ya msiba. Nyumba za kutunzia wazee hushauriwa kuzihifadhi dawa za marehemu kwa siku 7, kwa kuwa mchunguzi wa vifo anaweza kuzihitaji, na sisi tuliona ni busara kufuata mwongozo huohuo.

Katika famasia iliyotuhudumia vizuri, dada wa kaunta alivaa glavu na kuuliza jambo moja kabla ya kuugusa mfuko: je, humu ndani mna sindano? Alipohakikishiwa kuwa hamna, aliumimina mfuko polepole kwenye trei ya plastiki badala ya kuingiza mkono, akaanza kutenganisha. Vidonge vilikwenda upande mmoja vikiwa ndani ya foili zake, dawa za maji zikawekwa upande mwingine zikiwa ndani ya chupa zake, na vyenye gesi vikakaa peke yake. Maboksi ya karatasi alinirudishia, akaniambia ningeweza kuyaacha nyumbani kwenye taka za kurejelezwa, mradi lebo yenye jina la mgonjwa iwe imebanduliwa au kufutwa kwa wino mzito. Dawa za kawaida zinatumbukizwa kwenye mapipa yenye mfuniko wa buluu, na zile kali za kuua seli, zikiwemo nyingi za saratani, zina mapipa yenye mfuniko wa zambarau. Yote hayo hukusanywa na mkandarasi wa taka anayelipwa na NHS, na mwisho wake ni tanuri la joto kali.

Mofini na fentanili hazikutupwa kwenye pipa hivihivi. Mfamasia mwenyewe alitoka nyuma akazipokea, akazihesabu na kuziandika kwenye daftari la dawa zinazodhibitiwa zilizorudishwa na wagonjwa, kisha akaeleza kwamba zitachanganywa na kemikali inayogeuka ute mzito ili mtu yeyote asiweze kuzitoa tena na kuzitumia. Hapa ndipo nilipoona thamani kubwa zaidi ya huduma hii. Plasta ya fentanili iliyokwisha kutumika bado hubaki na dawa ya kutosha kumdhuru mtoto mdogo akiiokota na kujibandika au kuitia mdomoni, na ndiyo maana inapobanduliwa hukunjwa katikati ili upande wa gundi ushikane wenyewe kwa wenyewe. Ambaye ana plasta za namna hiyo ndani ya nyumba yenye watoto asisubiri mpaka mfuko ujae ndipo aende.

Nilikulia katika desturi ya kumwaga dawa iliyoharibika chooni au kuichoma uani pamoja na majani makavu, na sidhani kuwa niko peke yangu. Moto wa uani haufiki popote karibu na joto linalotakiwa: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 kuhusu kuteketeza dawa zisizohitajika unataka tanuri lenye vyumba viwili na joto lisilopungua nyuzi 850, na unaonya kuwa dawa zinazotupwa jalalani huokotwa na kurudishwa sokoni. Kuhusu maji, utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha York na kuchapishwa mwaka 2022, uliopima mito 258 katika nchi 104, ulizikuta dawa karibu kila mahali, na metformini ilikuwa miongoni mwa zilizoonekana mara nyingi zaidi. Ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya dawa hizo hupitia kwanza katika miili yetu ndipo zifike mtoni, na famasia haina la kufanya kuhusu hilo. Lakini dawa nzima iliyomwagwa kwenye sinki ni sehemu inayoweza kuzuiwa bila gharama yoyote.

Inhela zinastahili neno lake, kwa sababu watu wengi huzitupa kwenye pipa la nyumbani wakidhani ni kopo tupu. Inhela ya kawaida ya kubonyeza husukuma dawa kwa gesi ambayo uwezo wake wa kunasa joto hewani ni zaidi ya mara 1,000 ya ule wa hewa ya ukaa, na hata kihesabu dozi chake kinaposoma sifuri, ndani hubaki gesi inayovuja polepole pale jalalani. Ikirudishwa famasia, gesi hiyo huteketezwa katika tanuri.

Jambo gumu kuliko yote halikuwa kaunta wala mapipa, bali simu. Mama mdogo alipiga kutoka Tanga aliposikia tunasafisha kabati, akasema, "Mwanangu, msizitupe hizo za presha, huku ni hela nyingi, mleteeni baba yenu mdogo." Maneno hayo yana uzito, na sitaki kuyajibu kwa dharau. Ripoti iliyotolewa mwaka 2010 kwa ajili ya wizara ya afya ya Uingereza ilikadiria kwamba dawa zenye thamani ya pauni milioni 300 hivi hupotea bure kila mwaka katika England, na kati ya hizo, za pauni milioni 110 ndizo hurudishwa famasia na kuchomwa, hata pale boksi linapokuwa halijafunguliwa. Anayemtuma ndugu yake duka la dawa akiwa na noti ya mwisho mfukoni ana haki ya kushangaa.

Hata hivyo naona famasia ina haki kukataa kumpa mgonjwa mwingine dawa iliyokwisha kutoka mlangoni kwake, na sisi nasi tuna sababu ya kutoibeba. Hakuna anayeweza kuthibitisha kama boksi lilikaa kabatini au juu ya kipasha joto cha ukutani, na kidonge kilichoharibika si lazima kibadilike rangi ili kimtahadharishe mtu. Isitoshe, aliyeandikiwa miligramu 10 si sawa na anayehitaji 5, na baba mdogo hana daktari aliyemwambia kipi ni chake. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa, iliyotolewa kwanza mwaka 1996, inakataza waziwazi kupeleka dawa zilizorudishwa na wagonjwa, na inataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja wa matumizi zinapowasili. Marufuku hiyo ilitokana na uzoefu mchungu: Bosnia-Herzegovina ilibakiwa na takribani tani 17,000 za dawa zisizofaa zilizopelekwa kwa nia njema kati ya mwaka 1992 na 1996, na kuziteketeza kukawa mzigo mwingine kwa nchi iliyotoka vitani. Tulichofanya sisi ni kumtumia baba mdogo pesa akanunue dawa aliyoandikiwa, katika famasia iliyosajiliwa. Ningependa siku moja huduma hii ya Uingereza ipunguze dawa kabla hazijatolewa, kwa mfamasia kumwuliza mgonjwa kila mwezi kilichobaki nyumbani, maana hapo ndipo pesa inapookolewa kweli.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni huo ukimya niliokwisha kuutaja. Katika famasia nilizoingia sikuona bango hata moja linalosema "rudisha dawa zako hapa", ilhali matangazo ya chanjo ya mafua na ya vipodozi yamejaa dirishani. Ya pili ni kwamba ubora wa huduma unategemea mno aliye kaunta siku hiyo. Famasia nyingine, ambayo sitaitaja, ilinipokea kwa uso wa kukunja, mhudumu akadai wanapokea zile walizotoa wao tu, na mpaka nilipomwomba amwulize mfamasia ndipo mfuko ukapokewa bila neno la ziada. Mtu asiyejiamini katika Kiingereza angegeuka na kwenda zake, na dawa zingeishia chooni.

Kasoro ya tatu ndiyo inayonikera zaidi: sindano. Mkataba wa famasia na NHS hauhusu vitu vyenye ncha kali, kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anayeweza kurudisha kila kidonge cha metformini hana haki ya kuacha hapohapo sindano za insulini anazotumia kila siku. Boksi lake la njano la kutupia sindano zilizotumika huandikwa na daktari kama dawa na huchukuliwa famasia, lakini likijaa, famasia hailazimiki kulipokea. Baadhi ya kliniki za madaktari hulichukua, baadhi hukataa na kumwelekeza mgonjwa kwa halmashauri, na halmashauri nazo kila moja ina fomu yake na siku zake za kupita. Kwetu, maboksi mawili ya mjomba yalikaa chini ya ngazi muda mrefu baada ya dawa zote kuondoka. Kwamba njia ya kutolea iko wazi na njia ya kurudishia imegawanywa kati ya ofisi tatu ni upungufu wa mpangilio, wala si wa wafanyakazi wa kaunta, na sioni sababu ya msingi ya kuuvumilia.

Anayekusudia kwenda na mfuko mkubwa apige simu kwanza, kwani mapipa hujaa kabla ya gari la kukusanya kupita na famasia ndogo hukosa pa kuweka zaidi. Vidonge visitolewe kwenye foili, dawa za maji zisichanganywe katika chupa moja, na dawa zenye kudhibitiwa zikabidhiwe mfamasia mkononi badala ya kufichwa chini ya mfuko. Kwa mgonjwa aliye hai, ni vizuri mfuko huo huo uende na orodha ya dawa anazoendelea kutumia, kwa sababu mfamasia akiona metformini za miezi mitatu hazijaguswa atauliza kwa nini, na mara nyingi jibu ni kwamba zinamsumbua tumbo na hakuwahi kumwambia daktari.